Metro Hrynko na Waya wa Mtaa wa Chini

Ukifika Kettrick ukauliza habari za kaka yangu Metro, watu watakuonyesha vitu. Watakuonyesha maktaba, gari la wagonjwa, na bwawa la kuogelea ambalo limepata ufa upande mmoja na bado linajaa watoto kila Julai. Watakwambia ndiye aliyetuletea televisheni wakati miji mikubwa kuliko wetu ilikuwa bado inasikiliza redio. Yote ni kweli. Nilifanya naye kazi ofisini miaka kumi na tisa, nikapokea simu za shukrani na simu za matusi, na sina la kupinga. Ila wanaomsifu hunichosha, kwa sababu hawakumjua hata robo, na mimi niliyemjua nimekaa kimya muda mrefu kuliko inavyofaa.

Tulizaliwa watatu. Wasyl ndiye mkubwa, Metro wa kati, na mimi, Hafia, kitinda mimba. Wazazi wetu walitoka vijiji vya milima ya Karpati, wakavuka bahari na kuishia katika bonde hili la Pennsylvania, mlima upande huu, mlima upande ule, na makaa ya mawe chini. Baba aliangukiwa na mwamba shimoni mimi nikiwa bado nanyonya. Wasyl alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akadanganya umri, akashuka shimoni badala ya Baba, na wiki hiyohiyo akamkamata Metro aliyekuwa ametoroka darasani ili naye atafute kazi, akamburuta kwa kola hadi mlangoni kwa mwalimu.

"Mmoja akishuka inatosha," alimwambia. "Wewe soma."

Metro akasoma. Kichwa chake kilikuwa chepesi kwa mambo ya umeme. Akiwa na miaka kumi na miwili alitengeneza redio kwa waya aliookota jalalani, na Wasyl, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliwaita majirani waje wasikie. Nakumbuka alivyosimama kando ya ile redio na uso wake mweusi wa shimoni, kifua mbele, kana kwamba ameitengeneza yeye. Walikuwa wakipendana sana, ndugu zangu. Nalisema mapema kwa sababu yanayofuata yatakufanya usiamini.

Kanisa ndilo lililotugawa. Sitaki kuchimbua sana, maana wapo wazee hapa ambao hadi leo hawapeani mkono. Maaskofu waligombana, kesi ikaenda mahakamani, na Jumapili moja mwaka 1937 tukakuta kufuli kwenye lango. Waliobaki na jengo wakaitwa watu wa juu. Waliotoka wakajijengea kanisa lao ng'ambo ya reli, Mtaa wa Chini. Wa juu walichukua kalenda mpya, wakawa wanasherehekea Krismasi Desemba pamoja na Waairishi na Wapolandi. Sisi wa chini tukabaki na ya zamani, Krismasi yetu tarehe saba Januari. Metro alibaki juu kwa kuwa alikuwa amemchumbia Tekla, binti wa mwimbishaji wa kanisa. Wasyl akaenda chini na Mama, nami nikamfuata Mama.

Mbele ya lango lile, watu wakisikia, Wasyl alimwambia Metro kwamba ameuza ubatizo wake kwa sketi. Metro akamjibu kwamba vumbi la makaa limempanda hadi kwenye ubongo. Kumwambia hivyo mtu aliyelila vumbi hilo kwa ajili yako! Nilimwona Metro akitaka kuyameza maneno yake papo hapo, lakini yalikuwa yameshatoka. Wakaacha kusemezana. Miaka kumi na minne hawakusalimiana, katika mji ambao ukipiga chafya kwenye kona moja unaitikiwa kwenye kona nyingine.

Mama aliishi kwa Wasyl. Kila Jumatano alikuja jikoni kwangu, na Metro akaja hapo kumwona, kama watu wanaotorosha bidhaa. Nyumba yangu ilikuwa kando ya reli, katikati ya mitaa yote miwili, na nilikuwa mjane wa vita nisiye na mtoto, kwa hiyo ikaonekana ni kazi yangu kubeba maneno. Mwambie Wasyl dawa ya Mama iko hapa. Mwambie Metro Mama hawezi kuja wiki hii. Nilibeba hadi nikachoka mgongo na roho. Na Mama hakuwa na ombi jingine maishani ila moja: awaone wanawe wote wawili kwenye meza moja kabla hajafa. Alilisema kila Jumatano, akishika kikombe kwa mikono miwili.

Metro alirudi kutoka vitani na ujuzi wa mitambo ya mawasiliano, akafungua duka la redio na mashine za kufulia. Televisheni zilipoanza kuuzwa alileta tano, zikakaa dukani zikila vumbi. Vituo vilikuwa Philadelphia, na mlima uliokuwa katikati haukuruhusu chochote kupita isipokuwa chenga na mngurumo. Watu wakamcheka. Mzee mmoja wa kituo cha zimamoto alimuuliza kama hizo ni mashine za kuangulia mayai.

Basi akapanda mlimani na nguzo, akasimika antena kileleni, akawasha seti huko juu. Ikaonyesha picha safi. Lakini nani atapanda mlima kila jioni kuangalia ndondi? Akaamua kuishusha picha. Alivuta waya kutoka kileleni, mti kwa mti, kisha nguzo kwa nguzo, hadi kwenye dirisha la duka, na kila baada ya hatua mia kadhaa akafunga kisanduku cha kukuza mawimbi, ambacho alikitengeneza mwenyewe na kukifichia mvua ndani ya kopo la kuhifadhia mkate. Usiku wa kwanza wa ndondi barabara ilijaa watu hadi mkuu wa polisi akaja kuwatawanya, akatazama dirishani kidogo, akabaki.

Baada ya hapo kila nyumba iliyopitiwa na waya ilitaka kuunganishwa, na kazi ikawa yetu. Matatizo yalikuwa ya ajabu. Kulungu walitafuna. Barafu ilikata. Bi Delahunty wa Mtaa wa Kanisa aliona ule waya unapita juu ya ua wake bila kazi, akawa anaanika juu yake suruali za ndani za mumewe zikiwa zinadondosha maji, na kila Jumatatu nyumba kumi na nane za chini yake zikaona chenga. Nilimpigia simu kumweleza. Akaniambia kwamba kama picha zinaweza kupita kwenye waya, suruali za Delahunty zitashindwa nini.

Nacheka nikikumbuka. Ilikuwa miaka mizuri. Ila waya ulikuwa haujavuka reli, na Mtaa wa Chini ulikuwa gizani.

Mwishoni mwa mwaka 1951 Mama aliacha kuja Jumatano. Miguu ilikuwa imevimba na daktari alikuwa ameacha kutania. Wasyl naye alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi ambacho wachimbaji wote wanakijua. Siku moja nilikwenda kwake, nikamkuta anapasua kuni uani. Hakuniangalia.

"Yule bwana wa waya hajambo?" aliuliza.

"Hajambo."

Akapasua gogo, akaliweka, akachukua jingine. "Mwambie Mkesha wa mwaka huu mlango wetu haufungwi."

"Kwani mwaka gani uliwahi kufungwa?"

"Hafia, usinitie maneno mdomoni. Mwambie hivyohivyo nilivyosema."

Hakuna mtu wa kwetu asiyeelewa maneno hayo. Jioni ya Mkesha wa Krismasi tunangoja nyota ya kwanza. Mezani huwekwa sahani moja zaidi na mlango huachwa wazi, na atakayeingia hukaribishwa hata kama jana mlishikana mashati. Siku hiyo hakuna kazi ya mikono. Shoka hufichwa, sindano hufungiwa kwenye kopo. Na chakula kikishaanza hakuna anayeinuka kitini isipokuwa mama wa nyumba, kwa sababu anayeinuka kabla ya mwisho, mwaka unaofuata hatakuwepo mezani. Tumelelewa hivyo. Hata Metro, pamoja na kalenda yake mpya, alilelewa hivyo.

Nilimpelekea ujumbe dukani. Alikwenda nyuma ya mashine za kufulia akalia, akarudi akiwa amepenga kamasi.

"Nitampelekea nini?" akaniuliza.

"Mpelekee mdomo wa kula."

"Siwezi kwenda mikono mitupu. Mtu yule alishuka shimoni kwa ajili yangu."

"Metro, ameita mtu, hakuagiza bidhaa."

Lakini macho yake yalikuwa yameshaondoka pale, yanahesabu nguzo. Angevusha waya juu ya reli na kijito, aufikishe hadi dirishani kwa Wasyl, na Mama, ambaye hawezi tena kutoka nje, aletewe dunia chumbani. Seti angeileta siku ya pili. Alikuwa na furaha kama mtoto. Nikamwona hivyo nikachoka kubishana.

Walifanya kazi siku nne yeye na mafundi wawili. Alipanga kumaliza saa sita mchana tarehe sita Januari, siku ya Mkesha, aoge, avae koti zuri na aje. Asubuhi hiyo barafu ikaangusha tawi juu ya waya pale kijitoni, wakarudia nusu ya kazi. Mafundi aliwaruhusu saa tisa. Yeye akabaki.

Sisi tulikuwa mezani wanne: Mama, Wasyl, mkewe Olena na mimi. Nyota ilikuwa imeonekana. Uyoga ulikuwa kwenye bakuli, kabichi zilizokunjwa na wali ndani zinatoa mvuke, na sahani ya tano iko kati ya Mama na Wasyl. Tulikuwa tumeinamisha vichwa. Ndipo nyundo ikaanza kugonga nje, kwenye nguzo iliyo mbele ya dirisha, chuma juu ya chuma, jioni takatifu, mtaa mzima ukisikia.

"Ni Metro," Mama alisema.

Wasyl alikuwa anatazama kitambaa cha meza na masikio yake yamekuwa mekundu. Nyundo iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Kisha tukasikia vile vyuma anavyovaa miguuni kupandia vikishuka nguzoni, hatua kwa hatua, kisha viatu kwenye theluji. Viatu vilisimama kidogo karibu na dirisha. Halafu vikaenda zao.

Baadaye Wasyl alitoka nje na taa. Waya ulikuwa umefika hadi kwenye kizingiti cha dirisha, umekunjwa vizuri kwa duara na kufungwa na kamba, tayari kuingizwa ndani. Aliporudi alisema mara moja tu, bila hasira, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

"Nilimwekea sahani, akaniletea waya."

Mama alifariki wiki ya tatu ya Kwaresima. Kaburini ndugu zangu walisimama mmoja huku mmoja kule, jeneza katikati yao.

Siku ya pili baada ya ule Mkesha, Metro alikuja ofisini uso umemshuka. Alisema alichelewa. Nikamwambia ndiyo, nilitaka kutoka nikuite, lakini tulikuwa tumeshaanza kula, na unajua mwenyewe mezani hatuinuki. Akaitikia kwa kichwa. Alijua.

Kuanzia hapo kaka yangu akawa mtu wa kutoa. Kampuni ilikua, ikaingia miji saba, kisha akaiuza kwa watu wakubwa, na kila kilichoingia alikitafutia mlango wa kutokea. Alijenga maktaba ili mtoto yeyote wa mchimbaji apate pa kusoma. Alisomesha vijana mia mbili na kitu. Alinunua mitambo ya oksijeni kwa wenye mapafu ya vumbi, akafungua kliniki ya bure, na mji mzima ulijua kliniki ile ilifunguliwa kwa ajili ya nani hasa. Wasyl alikuwa akipanda basi kwenda wilaya ya jirani kuvuta hewa yake huko. Hakuwahi kuwa na televisheni. Lakini waya ule hakuukata, wala hakumruhusu Olena aukate. Ulibaki dirishani kwake miaka yote, mweusi, unanyeshewa.

Na nikwambie jambo ambalo hawalisemi kwenye hotuba. Metro hakuingia kwenye sherehe hata moja ya vitu alivyotoa. Alituma hundi, alituma mafundi, alinituma mimi. Yeye alikaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara, dirisha limeshushwa kidogo, akisikiliza makofi. Watu waliita unyenyekevu. Mimi niliita ugonjwa.

"Nenda kwa Wasyl," nilimwambia si chini ya mara hamsini. "Miguu unayo."

"Nikamwambie nini? Nilichelewa kwenye meza ya mama yangu."

Na kila alipojibu hivyo niliendelea kupiga mihuri.

Mwaka 1974, mwezi Oktoba, Olena alinipigia akasema Wasyl hatavuka wiki. Nilimpigia Metro, na kwa mara ya kwanza hakuuliza swali. Nilimngoja barabarani nje ya nyumba. Alikuja na gari, na nyuma ya gari kuna mtambo wa oksijeni, mpya kabisa, bado umevaa nailoni. Akaanza kuushusha.

"Uache," nikamwambia.

"Utamsaidia."

"Metro, uache hapo uingie."

Akauacha. Aliingia akiwa haelewi mikono aiweke wapi, mara mfukoni, mara nyuma. Wasyl alikuwa kitandani, ameegemezwa kwenye mito mitatu kwa sababu akilala chali anazama. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Alimtazama Metro, akamwonyesha kiti kwa kidole. Metro akakaa. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda.

"Umezeeka vibaya," Wasyl alisema. Alikuwa anavuta pumzi kati ya kila neno.

"Wewe je?"

"Mimi nina sababu."

Wakacheka wote wawili, Wasyl akakohoa hadi Olena akaja na kitambaa. Alipotulia alimshika Metro mkono wa shati, si mkono wenyewe, akamuuliza alichotaka kumuuliza kwa miaka ishirini na miwili: "Kwa nini hukuingia?"

"Nilichungulia dirishani. Mmeinamisha vichwa. Nikaona mmeshaanza, nimechelewa, nitaingia vipi katikati ya sala ya Mama nikiwa na vyuma miguuni?"

Wasyl alikunja uso. "Tumeanza nini? Tulikuwa hatujaanza. Mama alikataa kuomba mpaka uje. Tulikaa hivyo tunakungoja, chakula kinapoa." Akageuza macho polepole, akanitazama. "Hafia hakukwambia?"

Metro naye akageuka.

Ningeweza kusema sikumbuki. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, watu wangeniamini. Nilisema ni kweli. Nilisema chakula hakikuwa kimeanza, na hakuna desturi yoyote iliyonishika kitini jioni ile. Nilisikia nyundo, nikajua anachofanya na kwa nini, nikajua ni hatua sita hadi mlangoni, na nikasema moyoni: leo sitoki. Nimewabebea maneno miaka kumi na minne, leo mmoja wao afungue mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa na hasira nao wote. Na Metro alipokuja ofisini akasema amechelewa, niliona aibu kumwambia kwamba hakuchelewa, nikamwongopea. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo sana. Niliamini nitaurekebisha wiki itakayofuata.

Hakuna aliyenitukana. Wasyl alifumba macho, sijui ni uchovu au ni hukumu. Metro alikaa naye mpaka giza lilipoingia, wakizungumza habari za kulungu na za jalala ambako aliokotea waya wa redio ile, na nilipoingia na chai walinyamaza hadi nilipotoka. Wasyl alifariki siku ya tatu. Walipata siku tatu, ndugu zangu. Nilizikata nyingine zote.

Metro hakuniuliza neno tena. Baada ya mazishi hakupiga simu, nami nilikuwa nimeshastaafu, sikuwa na sababu ya kwenda kwake, au nilijiambia hivyo. Wiki mbili zikapita. Halafu asubuhi moja mafundi wawili wakagonga mlango wangu, wameleta tanuri jipya la kupasha nyumba joto, kubwa, la aina ambayo nisingeweza kuinunua hata nikiuza nyumba yenyewe. Walisema limelipiwa na wao wanatakiwa kulifunga leo. Niliwauliza mwenyewe yuko wapi. Mmoja akanionyesha kwa kidevu.

Gari lake lilikuwa limesimama kwenye kona, dirisha limeshushwa kidogo. Lilikuwa umbali wa nyumba tatu. Nilisimama kizingitini na ndara miguuni, nikaona kofia yake, nikaona anatazama mbele. Nilijua pale hakuna cha kuleta wala cha kubeba, ni kwenda tu kufungua mlango wa gari na kukaa kando ya kaka yangu.

Fundi akaniuliza tanuri likae wapi. Nikaingia ndani kumwonyesha. Nilipotoka tena, gari lilikuwa limeshaondoka.